Haigromita na mashine ya kupunguza unyevu: uzoefu wangu na ukungu wa ndani

Nyumbani kwetu ukungu ulikuwa na sehemu zake: nyuma ya kabati la nguo, kona ya dari karibu na kiyoyozi, mikanda na viatu vya ngozi. Dawa za kunyunyizia nazifahamu. Doa linaondoka, lakini ukungu unaishi kwa maji, na dawa haikaushi hewa. Ndipo nikanunua haigromita, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, na baadaye mashine ya kupunguza unyevu.

Haigromita ni kidude kidogo cha betri, na ndicho ninachokisifu zaidi. Chumba kilikuwa cha baridi, ungedhani ni kikavu, kumbe kipimo kinasoma asilimia 74. Inashauriwa unyevu usivuke 60, na ukikaa kati ya 30 na 50 ni bora zaidi. Nilipokiweka ndani ya kabati, namba ikazidi kupanda.

Kipimo hicho ndicho kilichonionyesha kiyoyozi kinafanya nini hasa. Hewa ikigusa koili ya baridi, yaani mabomba ya baridi yaliyo ndani ya kiyoyozi, huacha maji, maji yakadondokea kwenye trei na kutoka kwa bomba. Sasa kompresa, yaani pampu inayoleta ubaridi, ikizima huku feni ikiendelea kuzunguka, maji yaliyobaki kwenye koili hurudishwa chumbani. Niliweka feni kwenye otomatiki na namba ikaanza kushuka. Haikushuka vya kutosha, kwa sababu kiyoyozi chetu ni kikubwa kuliko chumba: kinapoza upesi na kuzima kabla hakijakausha hewa. Wauzaji wangesema jambo hili mapema, watu wengi wangeepuka hasara.

Baridi kali nayo ina madhara yake. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 24 hivi. Ukipoza chumba hadi 18 huku hewa ya nje inapenya, kuta zitalowa tu. Siku hizi tunaweka 25, milango imefungwa, na kabati tumelisogeza mbali kidogo na ukuta.

Mashine ya kupunguza unyevu yenyewe naipa alama nzuri. Naiwekea asilimia 50, ikifika inajizima. Ina kelele, inatoa joto, na tanki lisipooshwa linashika utelezi. Nimeunganisha mpira maji yaende moja kwa moja kwenye shimo la bafuni. Lita za maji ambazo boksi linasema mashine hukusanya kwa siku zisikudanganye: mara nyingi hupimwa katika hewa ya joto na yenye unyevu mwingi mno, kwa hiyo chumbani utapata pungufu.

Fundi wa kiyoyozi pia ni wa lazima. Kuosha filta peke yake hakutoshi. Mwambie afungue hadi gurudumu la feni, maana ukungu mweusi hujificha humo, kisha amimine maji kwenye trei mbele yako uone kama yanatoka nje. Jipsamu (mbao za chokaa za dari au ukuta) iliyolowa na kuota ukungu ibadilishwe. Kuipaka rangi ni kupoteza rangi.

Kama ukuta wako unalowa kwa sababu ya bomba linalovuja au paa bovu, usinunue mashine kwanza. Ziba panapovuja, kausha ndani ya saa 24 hadi 48, halafu upime.