Gemu za RPG za kucheza peke yako: nunua inayokusubiri ukiitwa

Muuzaji wa Kariakoo aliniapia kwamba CD ile ya RPG, yaani gemu unayovaa uhusika ndani ya hadithi, ni ya mtu mmoja. Nikatoa shilingi 160,000. Usiku uleule bando likaisha, gemu ikanitoa nje. Nikanunua bando jingine, nikarudi vitani, mama akaniita nishushe sufuria. Nikabonyeza kitufe, menyu ikafunguka, na nyuma ya menyu mazimwi yakaendelea kunipiga. Niliporudi nilishakufa.

Tangu hapo michoro na urefu wa hadithi nawaachia wengine. Mimi nauliza moja: ukiweka pedi ya kuchezea chini, gemu inakusubiri? Iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi haiwezi kusimama hovyo, kwa sababu saa ni moja kwa wote. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi sheria hiyo inabaki hata ukiwa peke yako chumbani.

1. Baldur's Gate 3 (2023). Mimi ni mtu wa Larian, studio iliyoitengeneza, na sifichi. Inachukua hadi watu 4, lakini ukiwa mmoja husikii pengo, maana nafasi za wenzako zinakaliwa na wahusika wenye visa vyao na ugomvi wao. Mapigano ni ya zamu: adui hatikisiki mpaka uamue. Nenda gengeni, rudi, utamkuta palepale. Hata nje ya pambano unaweza kuwasha hali ya zamu na kila kitu kikatulia. Mdogo wako akitaka kuingia, kwenye PS5 mnagawana kioo kimoja cha TV bila intaneti. Divinity: Original Sin 2, gemu yao ya 2017, nayo ilikuwa na mapigano ya zamu, kwa hiyo Larian hawakubahatisha.

2. Mass Effect Legendary Edition (2021). Ni gemu tatu za Mass Effect kwenye kasha moja, na zinasimama vizuri. Mass Effect 3 ilipotoka mwaka 2012, utayari wa jeshi lako ulianzia asilimia 50, na njia kuu ya kuupandisha ilikuwa kucheza mtandaoni na watu wengine. Yaani umemaliza kazi yote peke yako, halafu nguvu zako zinahesabiwa nusu! Mashabiki walilalamika, kiwango cha nguvu kinachohitajika kupata mwisho mzuri kikashushwa mwaka huohuo. Toleo hili la 2021 limeondoa kabisa sehemu ya wachezaji wengi.

3. Elden Ring (2022). Nzuri sana, na inachezeka bila intaneti. Lakini kitufe cha kusimamisha hakuna, hata ukiwa umezima mtandao.

4. Diablo IV (2023). Lazima intaneti muda wote, hata ukicheza mwenyewe. Kwa anayeishi kwa bando, hapana.

Hela kidogo? The Witcher 3 (2015). Haina wachezaji wengi, inasimama. Chukua.

Sasa bei. Duka la PlayStation halina tawi la Tanzania, kwa hiyo tunafungua akaunti za nchi nyingine na kununua kadi za salio kwa watu wanaojipangia faida wanavyotaka. Ndiyo maana wengi tunarudi kwenye CD, na huko nako muuzaji hajui anachouza. Geuza kasha usome maandishi madogo ya nyuma, yanayotaja idadi ya wachezaji na kama intaneti ni lazima. Kwenye kasha langu, stika ya bei ilibandikwa juu ya mstari huohuo.