Kula Unguja mjini kwa shilingi 15,000: uzoefu wangu

Kila mgeni anayenijia Unguja huniuliza wapi pana chakula kizuri cha bei rahisi, na mie humuuliza kwanza ni saa ngapi. Hudhani namfanyia mzaha. Lakini chakula cha mji huu kinakwenda kwa saa. Mama anayekaanga bhajia jioni, asubuhi humkuti. Aliyekuuzia maandazi na mbaazi saa moja, ikifika saa nne keshaosha masufuria yake kaenda zake. Ukitoka nje ya wakati utaangukia mikahawa ya watalii, ulipe mara tatu, na huenda ukala kitu kilichopikwa tangu mchana.

Mie mtu wa Wete, Pemba, lakini naishi Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kazi yangu iko karibu na soko la Darajani, kwa hiyo kula nje kwangu si matembezi. Hivi karibuni alinijia shemeji yangu kutoka Mwanza, mtu wa sato na ugali, nikamwambia tutakula siku nzima na hakuna atakayetoa zaidi ya shilingi 15,000. Bei nitakazotaja ndizo tulizolipa sisi. Mgeni anaweza kutajiwa nyengine, hasa akiuliza bei huku kamera inaning'inia shingoni.

Nianze na urojo, ingawa kwa saa unakuja baadae, maana ukitaka kuujua mji huu kwa mdomo basi pa kuanzia ni hapo.

Urojo hautoki kabla ya saa tisa mchana. Tuliula kwenye baraza moja mtaani kwetu, hapana kibao wala jina, pana meza ndefu, benchi mbili na sufuria kubwa lililofunikwa sinia. Ndani ya sufuria mna ule mchuzi wa manjano, unga wa ngano uliokorogwa na kupikwa na bizari ya manjano, embe mbichi na ndimu, mzito kiasi cha kuganda kwenye upawa lakini bado unateremka. Mezani vimepangwa vinavyotiwa: kachori, bhajia, viazi vya kuchemsha, mayai, katlesi, mishkaki midogo, chatne ya nazi, pilipili ya kusaga na beseni la chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba mno.

Nilimwambia shemeji asitazame simu, aitazame mikono ya mama. Anachukua bakuli, anaivunja kachori kwa kijiko vipande vinne, anatia bhajia, anakwangua mishkaki kutoka kwenye kijiti kwa kidole gumba, anapasua yai. Halafu upawa mmoja wa urojo, anangoja kidogo vitu vinyonye, kisha upawa wa pili. Chatne pembeni. "Nikutilie pilipili, mwanangu?" Chipsi za muhogo zinakuja mwisho kabisa, juu, wakati bakuli tayari linakwenda mkononi mwako. Hapo ndipo ninapompimia muuzaji. Akitia chipsi mwanzo kisha akazimiminia urojo, zinalainika, na bakuli zima linakuwa uji. Mie nikiona hivyo huaga kwa adabu nikaenda zangu.

Kipimo changu cha pili ni ukali. Ukali wa embe mbichi unaanza ulimini na unaondoka pole pole. Ukali wa ndimu ya unga unakwaruza koo na unabaki mpaka usiku. Siku hizi wengi wanatia ya unga msimu wa embe ukipita, na siwalaumu, embe mbichi hazipatikani mwaka mzima, ila basi watie kwa kiasi.

Shemeji alilizungusha bakuli, akauliza: "Mama, hii ni supu au ni chakula?"

"Huo urojo, baba. Kunywa kwanza, masuali baadae."

Akanywa. Masuali hayakuja. Alichosema ni kwamba anataka jengine, lisilo na yai ila lenye mishkaki mingi.

Bakuli kamili ni shilingi 2,500. Urojo kama huo huo, kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe chenye maduka ya vinyago, niliwahi kuuziwa 7,000, tena bila mishkaki. Bhajia na chatne zililetwa na Wahindi waliokuja kufanya biashara hapa, Wagujarati wengi wao, na kachori vile vile, isipokuwa ya kwao huwa ni ya unga yenye kitu ndani na yetu ni tonge la viazi lililochovywa kwenye unga wa dengu. Muhogo na nazi vinalimwa hapa hapa. Nimeshasikia watu wakibishana urojo ni wa nani hasa. Mie nimo kwenye foleni tu.

Sasa turudi asubuhi, kwa ufupi. Chai ya rangi yenye mdalasini na hiliki, maandazi mawili, mbaazi za nazi. Shilingi 2,000 na chenji. Mbaazi zilikuwa laini, tui zito, hapana la kulalamikia ila benchi ilikuwa fupi, tukala tumesimama. Anayependa kuanza siku na nyama atapata supu ya ng'ombe na chapati karibu na soko, ila awahi, minofu inakwisha mapema mabaki yakawa mifupa.

Chakula cha mchana ndicho ninachowasihi wageni wasikipuuze. Soko la Darajani lilijengwa 1904, na mnada wa samaki upo pale pale, kwa hiyo magenge ya wali yaliyo karibu hayana sababu ya kukupikia samaki wa jana. Sisi tuliingia genge moja la nyuma nyuma baada ya sala ya adhuhuri. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, mchicha na kachumbari ya ndimu: shilingi 4,500. Wali ulikuwa mmoja mmoja, na harufu ya tui inakufikia kabla ya sahani. Mchuzi ulizidi chumvi kidogo. Changu mwenyewe alikuwa mbichi wa bahari hasa, nyama inaachana na mfupa kwa kidole, na shemeji, ambaye kwao samaki wa maji chumvi humwita "dawa", alimmaliza mpaka kichwa. Kula kwa mkono. Vijiko wanavyo, ukiomba utaletewa, lakini mwiba wa changu hauuoni kwa kijiko.

Ukitaka kuchagua zaidi, nenda mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, penye mbuyu. Vyakula vyote vimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole tu: pweza wa nazi, kuku wa kupaka, ndizi, pilau, maharage. Watalii wamepajua siku nyingi, pamejaa, na bei imepanda kidogo kuliko magenge, lakini wenyeji hawajapahama, na hiyo kwangu ni dalili tosha. Pweza wao wa nazi ni laini kweli kweli. Siku ile hatukula huko kwa sababu ya hesabu yetu. Nilimpeleka shemeji siku ya pili, tena Ijumaa, akaagiza biriani. Ilipokuja alinigusa mguu chini ya meza: "Wamesahau kuchanganya." Hawakusahau. Biriani ya huku wali unapikwa mbali na mchuzi wake wa nyama mbali, vinakutana kwenye sahani, na kila mtu anachanganya kwa kadiri ya roho yake. Mie huuacha mchuzi upande mmoja mpaka tonge la mwisho.

Jambo moja: saa nane na nusu masufuria yamebaki ukoko. Ukija saa tisa ukauliza wali, utaambiwa "umekwisha" na mtu anayefagia.

Magharibi, watu wote watakwambia Forodhani. Bustani ilitengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa tena 2009, ni safi, upepo wa bahari unapiga, na vijana wanaruka baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe, kila mmoja na staili yake. Kwa kutembea naipa tano juu ya tano. Kwa kula naipa mbili. Niliwahi kula pale mshikaki wa pweza kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Tulipatana 3,000, na nilipomaliza akaniambia hiyo ilikuwa bei ya nusu. Tungeelewana labda kama pweza angekuwa wa maana. Alikuwa ameshachomwa tangu jua halijatua, akarudishwa juu ya mkaa mbele yangu ili moshi utoke, na kutafuna kwake ni kama kutafuna mpira wa baiskeli. Si wote wa hivyo. Lakini ile mishkaki mirefu ya kamba na ngisi iliyopangwa mezani kwa rangi, ulizia kwanza imechomwa saa ngapi, na bei uisikie kwa masikio yako mbele ya shahidi.

Pizza ya Zanzibar nayo ndiyo hapo. Kinyunya cha unga kinapigwa mpaka unaona mkono ng'ambo ya pili, kinatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, kinakunjwa pembe nne na kukaangwa kwenye tawa. Ukoo wake na mkate wa mayai wa Mombasa hauhitaji kuulizwa. Ya nyama ni nzuri ikiwa moto. Ya Nutella na ndizi niwaachie watoto na Wazungu.

Kinachonirudisha Forodhani ni juisi ya miwa, 1,500 gilasi. Muwa unapitishwa kwenye mashine mara ya kwanza, kisha unakunjwa, ndimu na kipande cha tangawizi vinabanwa katikati, unapitishwa tena, na tena, mpaka unatoka umekuwa kamba kavu. Simama karibu uone kama ndimu ni nzima au ni ganda lililokwisha kukamuliwa kwa mteja aliyekutangulia. Barafu omba kidogo, au usiombe kabisa, utapata juisi nyingi zaidi kwa pesa ile ile.

Tulikunywa, tukavuka barabara ya Creek kurudi Ng'ambo. Karibu na majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, usiku pana moshi wa mishkaki. Nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye papai bichi, tangawizi na thomu, vijiti vinne, mkate wa ajemi mmoja na chatne ya ukwaju: 3,000. Mchomaji alikuwa na kipepeo cha ukili mkono mmoja na redio mkono wa pili, mpira ulikuwa unachezwa, na kila timu yake ikikosa goli makaa yetu yalipata upepo zaidi. Vijiti viwili viliungua ncha. Alivitupa mwenyewe akatuletea vyengine bila kuambiwa. Huyu nitamrudia.

Kahawa tulirudi kumalizia Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Kikombe kidogo cha kahawa chungu ni 200, kashata ya njugu 300. Mtu hakai kimya pale: dhumna zinapigwa mezani kwa kishindo, siasa inapandishwa na kushushwa, na shemeji alijikuta anatetea samaki wa Ziwa Victoria mbele ya wazee wasiopungua sita. Wanawake ni wachache sana barazani hapo. Mke wangu hunywa kahawa yake nyumbani na huniambia sote tunaokwenda kule hatufuati kahawa. Hajakosea.

Jumla ilikuwa 14,000 kwa kila mtu. Shemeji juu ya hapo ana lile bakuli la pili la urojo, kwa hiyo yeye alivuka mpaka, na nililipa mimi kwa sababu ndiye kaka wa mke wangu na sina pa kukimbilia.

Halua sikuihesabu. Mtu wa Wete kununua halua Unguja ni kujidhalilisha. Ile ya kwetu inakorogwa masaa kwenye sufuria kubwa, samli, hiliki na kungumanga, mpaka mwiko unakuwa mzito wa watu wawili, na mie huagiza kwa anayekuja na boti. Ya Darajani inaliwa, sikatai. Sukari imewapita kidogo.

Ukija Ramadhani, yote niliyosema kuhusu saa yapindue. Mchana magenge yamefungwa, na kula au kunywa njiani si adabu hata kama wewe hufungi. Soko linachangamka baada ya alasiri, Darajani hapapitiki: sambusa, kaimati, mkate wa kumimina, tambi, mihogo ya nazi, majimbi. Nunua mapema, robo saa kabla ya adhana bei hazizungumziki. Mitaani kwetu wanaume hutoa masinia nje wakafuturu barazani pamoja, na mpita njia hukaribishwa. Ukiitwa, kaa. Siku ya pili pita na mkate wa kumimina mkononi, ule wenye mchele wa kutosha na hiliki, si ule wa hamira tupu.