Joods Museum, Amsterdam: anza ng'ambo ya barabara

Kama una nusu siku Amsterdam, anza na Sinagogi la Wareno, nyumba ya ibada ya Wayahudi, ndipo uvuke barabara uingie Joods Museum, yaani Makumbusho ya Wayahudi. Tiketi ni moja, na hiyo hiyo inakuingiza pia kwenye Makumbusho ya Taifa ya Holokosti (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi), yaliyofunguliwa 2024. Jumamosi usiende, maana sinagogi hufungwa kwa Sabato.

Sinagogi hilo, lililokamilika 1675, ni la Wayahudi ambao wazee wao walikimbia mateso ya kidini Uhispania na Ureno. Wanaume tunapewa kikofia tukiingia. Ukumbini hakuna umeme hadi leo. Ibada za jioni huwashiwa mishumaa ipatayo elfu moja kwenye vinara vya shaba. Sakafu ya mbao imetandazwa mchanga laini, unaofyonza unyevu na uchafu wa viatu na kupunguza kishindo. Nilizunguka mara mbili tatu bila sababu, kusikia tu unavyokwaruza chini ya soli. Kipasha joto nacho hakuna, na mimi mtu wa Tanga koti sikulivua.

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya masinagogi manne ya kale yaliyounganishwa, la kwanza la 1671. Nilichokipenda ni kwamba hawakuanzishi na vifo. Kwanza unawaona watu wakiishi: ndoa zao, sikukuu zao, birika la kujitakasia, kazi ya kuchonga almasi iliyolisha familia nyingi za mji huu. Vyombo vya fedha viko tele. Hivyo nilivipita haraka. Watoto wana makumbusho yao, nyumba ya familia yenye jiko.

Ukishawajua hivyo, ndipo tarakimu zinapouma. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulikuwa na Wayahudi wapatao 80,000, karibu mtu mmoja kati ya kumi. Kati ya Wayahudi wote wa Uholanzi, watatu katika kila wanne waliuawa. Majengo haya manne yalibaki bila waumini, na ndiyo maana yakawa makumbusho mwaka 1987.

Ukitoka, tembea kidogo hadi ukuta wa majina ya waliouawa, uliozinduliwa 2021. Hauna kiingilio. Kila jina lina tofali lake, lenye tarehe ya kuzaliwa na umri wa aliyeuawa, na majina yanapita 102,000. Wenye watoto wadogo, kwa maoni yangu jiko na sinagogi vinawatosha. Ukuta na Makumbusho ya Holokosti vingoje hadi wakue kidogo.