Karai, Kinu na Kalamu: Warsha ya Uandishi kwa Watoto Bukavu

Katika likizo ndefu iliyopita nilimwandikisha binti yangu wa miaka 11 kwenye warsha inayofanyika katika ukumbi mmoja hapa Ibanda, Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako watoto hujifunza maisha ya wachimbaji dhahabu wa zamani kwa kutunga hadithi. Ada ilikuwa dola 15 kwa wiki mbili, daftari na kalamu vikiwemo. Sijutii hata senti moja, ingawa nina lalamiko zito ambalo wazazi wenzangu wanapaswa kulijua.

Siku ya kwanza hawakuandika neno lolote. Walipelekwa uani wakapewa karai, ndoo ya maji na mchanga uliochanganywa na vipande vidogo vya msumari, wakaambiwa wavipate vile vipande bila kuvichambua kwa vidole. Binti yangu alilizungusha karai kwa pupa akamwaga kila kitu. Mara ya tatu ndipo alipojua kuliinamisha, kulitikisa taratibu na kuyaacha maji yachukue kilicho chepesi. Mwalimu akawaeleza kwamba mchanga haufikii mara tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule, ilhali dhahabu safi inazidi mara 19, na kwa sababu hiyo ndiyo hubaki chini kabisa. Binti yangu alirudi nyumbani akilalamikia mgongo, na jioni hiyo hadithi yake ikaanza hivi: "Leo nimeinama tangu jogoo wa pili na sijaona kitu."

Wiki ya kwanza ilihusu California, Marekani, ambako James Marshall aliona chembe za dhahabu kwenye mfereji wa kinu cha kupasulia mbao huko Coloma tarehe 24 Januari 1848. Mwaka 1850 jimbo hilo liliwatoza wachimbaji wa kigeni kodi ya dola 20 kila mwezi, na watoto waliombwa kuandika barua ya mchimbaji kutoka Chile au China anayemweleza mama yake habari ya siku aliyofika mtoza kodi. Sharti lilikuwa moja tu: neno dhahabu lisitokee popote. Nalisifu sana sharti hilo, kwa maana watoto waliokuja na ndoto za utajiri walijikuta wakiandika juu ya viatu vilivyooza kwa kusimama mtoni, juu ya maharage, juu ya deni la dukani.

Wiki ya pili iliwarudisha nyumbani, Kamituga, mji wa wachimba dhahabu hapa Kivu Kusini, na hapo ndipo warsha ilipopata uhai wake. Walifundishwa habari za MGL, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni iliyoundwa mwaka 1923, za SOMINKI, kampuni iliyoirithi mwaka 1976, na za sheria ya 1982 iliyowaruhusu raia kuchimba kwa mikono yao. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa Mobale huko Kamituga alijibu maswali yao kwa subira, hata swali la mtoto aliyetaka kujua walijisaidia wapi. Baada yake alikuja mama twangaise. Jina hilo limetokana na kitenzi chetu wenyewe, kutwanga, na ndiyo kazi yake: kuyaponda mawe yatokayo shimoni mpaka yawe unga. Alikuja na kinu chake cha chuma, akapiga, ukumbi mzima ukatetemeka. Alipewa nusu saa tu. Mimi ningempa siku nzima, kwani watoto wengi walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba mwanamke ana nafasi katika habari hizi.

Walio chini ya miaka tisa sishauri wapelekwe. Mwalimu alizungumza, kwa uangalifu lakini bila kuficha, juu ya sumu ya zebaki ambayo wachimbaji hunasia dhahabu na juu ya Septemba 2020, wakati mvua ilipofurisha mashimo ya Kamituga na makumi ya watu wakafia humo. Mdogo wa rafiki yake binti yangu hakulala vizuri usiku huo.

Sasa lalamiko. Mwishoni hadithi zote huchapwa katika kijitabu, na waandaaji waliona vema "kusafisha" Kiswahili cha watoto bila kuwauliza. Karai likawa bakuli. Binti yangu alikuwa ameandika, "Mama twangaise anapiga jiwe mpaka jiwe linakubali", kijitabu kinasema, "Mwanamke anasaga mawe." Alikisoma mara mbili, akakifunga, akaniuliza ni nani aliyeandika hicho. Kusahihisha tahajia ni wajibu wa mhariri, lakini kumnyang'anya mtoto sentensi yake baada ya kumfundisha kuitafuta kwa wiki mbili ni kumvunja moyo.

Nimewaandikia waandaaji, nao wamekubali kwamba katika awamu ijayo kila mtoto atasoma nakala yake kabla haijachapwa. Kwa ahadi hiyo nimemwandikisha tena, safari hii pamoja na kaka yake. Daftari lenye sentensi ya jiwe tumelihifadhi kabatini, pamoja na vyeti vya ubatizo.