Madden NFL 25: ukizima kikomo cha mishahara, umenunua nini?

Gemu hii ya video ya futiboli ya Marekani ilitoka Agosti 2024 kwa dola 69.99. Kama unachotaka ni kurushiana mpira na shemeji yako Jumamosi usiku, hela hiyo usiitoe. Tafuta toleo la nyuma kwenye kapu la gemu zilizotumika, utarusha mpira uleule kwa bei ya chakula cha mchana. Sababu pekee ya kununua toleo hili ni Franchise, ile sehemu unayokabidhiwa klabu nzima: makocha, skauti, mikataba, usajili na drafti, msimu kwa msimu mpaka uchoke mwenyewe. Mimi nimeinunua kwa ajili hiyo tu. Uwanjani sina maajabu. Vidole vyangu vimekulia kwenye soka, na mpaka leo mtu akinikimbilia huwa nabonyeza kitufe cha kupiga shuti.

Kwa mliopo Dar au Mombasa ambao mchezo huu hamjaufuata: NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ina timu 32 na hakuna kushuka daraja. Kila Aprili kuna drafti ya raundi 7, vijana wanatoka vyuo vikuu, na timu iliyoboronga kuliko zote ndiyo huchagua kwanza, isipokuwa kama nafasi yake imeshaiuza. Kijana haendi anakotaka, anakwenda alikochaguliwa. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, awe tajiri wa Dallas au nani.

Mimi ni mtu wa Tanga, Coastal Union damu. Sisi kazi yetu ni kulea, halafu watu wa Kariakoo wanakuja na begi. Bakari Mwamnyeto tulimtazama akiwa kijana wetu, mwaka 2020 akavaa jezi ya Yanga, na sisi tukaanza kutafuta beki mwingine. Kwa hiyo niliposimuliwa kwamba kuna ligi ambayo anayeshika mkia ndiye anayepewa kijana bora wa nchi nzima, nilimwambia jamaa arudie, nikidhani Kiingereza ndicho kilichonipiga chenga.

Siku hizi naishi Grand Rapids, Michigan. Detroit Lions sikuichagua, nimeikuta kazini, watu wanaizungumzia kwenye laini ya kiwandani tangu zamu inaanza mpaka inaisha. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yupo Columbus. Yeye aliipenda Los Angeles Rams siku ile ile walipobeba Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2022, na huyo ndiye shemeji, timu anaipenda ikishabeba kombe. Tukafungua ligi moja mtandaoni: mimi Lions, yeye Rams, timu 30 zilizobaki zinaendeshwa na kompyuta.

Huwezi kupata jozi nzuri zaidi ya hii kwa kupima lipi bora, kulea vijana wa drafti au kununua wakongwe. Mwaka 2021 timu hizi mbili zilibadilishana makwotabeki, wale wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi. Rams walimchukua Matthew Stafford, mkongwe aliyekaa Detroit misimu 12 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Lions walimpokea Jared Goff, pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu. Rams wakaongeza biashara nyingine: katikati ya msimu wakawapa Denver nafasi za raundi ya pili na ya tatu ili wamchukue Von Miller, mkongwe wa ulinzi. Tangu walipomchagua huyo huyo Goff mwaka 2016, hawakuchagua mtu yeyote raundi ya kwanza mpaka 2024. Na kombe walibeba, msimu wa kwanza tu wa Stafford, 23 kwa 20 dhidi ya Cincinnati.

Lions nao wakakaa kimya wakilea. Penei Sewell na Amon-Ra St. Brown mwaka 2021, Aidan Hutchinson 2022. Nafasi ya sita ya 2023, iliyotoka kwa Rams, waliipeleka Arizona wakashuka mpaka ya 12, na katika biashara hiyo wakapewa pia nafasi ya 34. Ya 12 ikawa Jahmyr Gibbs, ya 34 ikawa Sam LaPorta. Tarehe 14 Januari 2024 Stafford akarudi Detroit kwenye mtoano, Goff akiwa upande wa pili, na Lions wakashinda 24 kwa 23. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano baada ya miaka 32. Kesho yake kazini hakukuwa na kazi.

Shemeji anaposema "wakongwe ndio wanaoleta kombe" huwa namwacha amalize. Halafu namuuliza mchezaji bora wa fainali ile alikuwa nani. Cooper Kupp, ambaye Rams walimchagua wenyewe raundi ya tatu mwaka 2017. Na nani aliyemkaba Joe Burrow, kwotabeki wa Cincinnati, dakika ya mwisho? Aaron Donald, chaguo lao la 13 mwaka 2014. Stafford na Miller walikuta nyumba imeshajengwa. Hilo halimzuii kurudia hoja yake wiki inayofuata.

Sasa gemu yenyewe. Ukianzisha ligi, kwenye mipangilio kuna swichi ya kikomo cha mishahara, unaiwasha au unaizima. Wengi wanaizima. Shemeji aliniomba tuizime kabla hata hatujacheza mechi ya kwanza, nikakataa, na huo ndio uamuzi ulioifanya gemu hii iwe na thamani ya hela yangu.

Watu wakibishana kuhusu drafti na wakongwe huwa wanabishana kuhusu umri: damu changa au uzoefu. Franchise inakufundisha haraka kwamba ugomvi ni wa bei. Chukua mfano halisi. Caleb Williams, chaguo la kwanza kabisa la 2024, alisaini Chicago miaka 4 kwa kama dola milioni 39.5 jumla. Mwaka huohuo Goff alisaini Detroit miaka 4 kwa milioni 212, yaani wastani wa milioni 53 kwa mwaka. Miaka yote minne ya kijana haifikii mwaka mmoja wa mkongwe. Ukimpata kijana anayecheza, umepata pia milioni kadhaa za kumlipa mkongwe atakayesimama pembeni yake. San Francisco walifika Super Bowl ya Februari 2024 wakiwa na kwotabeki Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kwenye drafti ya 2022, nafasi ya 262, aliyelipwa mshahara wa dola 870,000 msimu ule. Hela waliyoiokoa kwake ndiyo iliyowatosha kuwaweka mastaa wengine wote, akiwemo Christian McCaffrey, aliyepo kwenye jalada la gemu hii. Huyo McCaffrey mwenyewe alichaguliwa na Carolina, San Francisco wakamfuata mwaka 2022 kwa nafasi nne za drafti. Jalada zima ni hoja ya shemeji, ila mshahara wa Purdy ndio ulioilipia.

Gemu inalijua hili. Lions niliyokabidhiwa ilikuwa tamu kwa sababu vijana wake wengi walikuwa bado kwenye mikataba ya mwanzo, ukiwatoa St. Brown, Sewell na Goff ambao tayari walikuwa wameshasaini fedha nene. Msimu wa kwanza nilijiona bingwa wa hesabu. Msimu wa pili Hutchinson akataka mkataba mpya, na nyuma yake wengine wamepanga foleni. Skrini inakuonyesha kila mmoja anataka miaka mingapi na kiasi gani, na chini yake kuna ile namba ya nafasi iliyobaki kwenye kikomo, inapungua kila unapogusa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulea vizuri kuna ankara yake, na huwa inakuja yote kwa pamoja.

Kwa shemeji hali ilikuwa mbaya zaidi. Alisajili wakongwe kama anayejaza gari la mizigo, na mwisho wa msimu kikomo kikamkaba. Akajaribu kuwaacha wawili watatu. Gemu ikamkumbusha kwamba mchezaji ukimwacha, sehemu ya hela uliyomwahidi inabaki kukukaa shingoni hata kama hayupo. Denver yaliwakuta kweli na Russell Wilson: walimwacha Machi 2024 na wakabaki na mzigo wa dola milioni 85 kwenye hesabu zao, wameugawanya misimu miwili. Usiku ule shemeji akanipigia simu.

"Shem, nikupe Kupp. Nipe raundi ya pili."

"Kupp wa miaka mingapi?"

"Miaka si hoja, mtu ni mtu."

"Shemeji, mimi nina kikomo, sina kituo cha wastaafu."

Nilimpa raundi ya nne. Akakata simu, baada ya robo saa akakubali. Nikiri kwamba Kupp alinifaa sana kwa msimu mmoja, na mke wangu bado anaamini nilimwonea mdogo wake.

Mahali ambapo gemu inalegea ni kwenye drafti yenyewe. Sina shida na maonyesho yake: Roger Goodell, kamishna wa ligi, anatokea jukwaani, vijana wanapanda na kofia, raha tupu. Shida yangu ni kwamba usiku wa drafti mimi najua mno. Ukiwatuma skauti wako kwa mpangilio mzuri msimu mzima, unafika Aprili na alama za kijana karibu zote zipo wazi: kasi, mikono, nguvu. Kilichofichwa ni kiwango chake cha kukua, ambacho kina ngazi nne na ya juu kabisa inaitwa X-Factor, na hicho utakijua baada ya kumchezesha. Ni siri nzuri, lakini ni moja tu. Kwenye maisha siri ni nyingi. San Francisco haohao walitoa nafasi za raundi ya kwanza tatu ili wampate kwotabeki Trey Lance, chaguo la tatu la 2021. Mwaka 2023 walimpeleka Dallas kwa raundi ya nne. Watu wenye skauti wa kulipwa, video na daktari walikosea kwa Lance, na mwaka 2022 hao hao waliokota Purdy jalalani. Gemu haijaweza kunitia hofu ya namna hiyo. Nikichagua raundi ya kwanza najua kwamba sitapata takataka, na ndiyo maana anayecheza kwa kulea ana upendeleo asioustahili.

Kwa wakongwe nako mkono wake ni mzito. Mchezaji akishafika umri fulani, msimu ukiisha alama zinaporomoka. Wakimbiaji wanaanza mapema, makwotabeki wanachelewa. Kwa jumla ni kweli. Ila Tom Brady alipohamia Tampa Bay mwaka 2020 alikuwa na miaka 42, na msimu haukuisha kabla hajawapiga Kansas City 31 kwa 9 kwenye Super Bowl. Ndani ya gemu mtu wa namna hiyo ningemwona kama namba inayoshuka, nisingemgusa. Tampa nao, shemeji asisahau, walikuwa wamemchagua Tristan Wirfs raundi ya kwanza mwaka uleule ili amlinde mzee asiguswe.

Ushauri wangu kwa atakayenunua: washa kikomo, na ongeza ugumu wa kubadilishana wachezaji kadiri mipangilio inavyoruhusu. Mkiweza chezeni na binadamu mwingine, kwa sababu kompyuta haina haya wala haraka, na raha kubwa ya Franchise ni mtu kukupigia simu usiku akiwa amekwama. Inachezeka pia bila intaneti, ukiwa peke yako, kama mtandao wa kwenu unasumbua. Kila kitu ni Kiingereza, pamoja na watangazaji, na msamiati wa mikataba ni mgumu hata kwa anayekijua, hivyo wiki ya kwanza tegemea kubonyeza vitu usivyovielewa. Ultimate Team, ile ya kununua kadi za wachezaji kwa hela halisi, sijaigusa na mtoto wangu haigusi.

Na msinunue kwa bei ya Agosti. Gemu hizi hushuka bei ikifika msimu wa sikukuu, na Lions hawaendi popote. Franchise naipa nyota 4 kati ya 5. Shemeji anasema 2, lakini yeye mpaka leo ana milioni kadhaa za watu waliokwisha kuondoka.