Miezi mitatu na programu ya kuchora seti za mzunguko: namba inazipata, entropia ihakiki mwenyewe

Nilipakua programu hii baada ya kukwama. Nilishasoma kwamba mwanahisabati Poincaré, mwaka 1885, alionyesha kuwa kanuni inayosogeza nukta za duara bila kuvuruga mpangilio wake huzipa zote wastani mmoja wa mwendo. Wastani huo ndio namba ya mzunguko, na ikiwa ni namba wiano, yaani inayoandikika kama sehemu ya namba nzima mbili, basi ipo nukta inayorudi pale ilipoanzia. Niliyajua hayo kwa kukariri tu.

Unaandika kanuni yako na idadi ya hatua, programu inagawanya umbali uliosafiriwa kwa hatua hizo. Kwa duara kazi yake ni safi: hatua 1,000 zikipita, kosa halifiki 0.001.

Kilichonifanya niipende ni kanuni ya x + Ω + (K/2π) sin 2πx, ambamo Ω ni msogeo wa kila hatua na K ni nguvu ya kupinda msogeo huo. Niliongeza K kidogo kidogo. Hadi 1, namba ilikuwa moja tu. Ilipopita 1 kanuni ikaanza kujikunja, na kwa baadhi ya Ω nukta mbili zikatoa wastani tofauti: namba ikageuka kipande cha mstari, na mkusanyiko huo wa wastani zote ndio seti ya mzunguko. Hapo ndipo nilipoelewa entropia, yaani kipimo cha kasi ambayo njia tofauti za mfumo huongezeka, inaingilia wapi. Kukiwa na mwendo wa haraka na wa polepole ndani ya mfumo mmoja, zinapatikana pia njia zinazochanganya miendo hiyo kwa mpangilio wowote, haraka, polepole, polepole, haraka, na idadi ya njia hizo hukua maradufu kwa maradufu. Kipande chenye urefu hakiwezi kuwa na entropia sifuri! Nilirudia jaribio hilo usiku kucha.

Kwenye torasi, yaani uso wa umbo kama mpira wa ndani wa tairi, mambo ni magumu zaidi. Misiurewicz na Ziemian walithibitisha mwaka 1989 kuwa seti ya mzunguko ya kanuni zinazogeuzika, zinazoweza kubadilishwa polepole hadi kuwa kanuni isiyosogeza chochote, haina mbonyeo wowote pembeni; Llibre na MacKay, mwaka 1991, kwamba ikiwa na eneo, entropia ni chanya. Programu ikikuchorea umbo lililobonyea, usiliamini. Ongeza hatua na nukta za kuanzia, maana nukta nyingi huvutwa upande mmoja na kingo za seti hubaki bila nukta.

Tatizo kubwa ni kitufe cha entropia. Nilikijaribu kwa kanuni ya kuzidisha kwa mbili, ambayo jibu lake linajulikana: logi asilia ya 2, takriban 0.693. Kwa nukta 10,000 na hatua 40 nikapewa 0.23. Sababu niliipata baadaye: programu huhesabu njia zinazotofautiana, na haiwezi kuhesabu njia nyingi kuliko nukta ilizoanza nazo. Zikishatofautiana zote, hesabu inasimama huku kigawanyo, yaani idadi ya hatua, kikiendelea kukua. Logi ya 10,000 ni 9.21, gawanya kwa 40. Programu haitoi onyo lolote, na mwanafunzi mgeni ataondoka akiamini mfumo wake umetulia. Kwa hilo nimeinyima nyota moja, naipa nne.

Siku hizi entropia ya duara naitafuta kwa njia ya Misiurewicz na Szlenk ya mwaka 1980: nahesabu vipande vya grafu vinavyopanda au kushuka mfululizo. Kwa kuzidisha kwa mbili vinakuja 2, 4, 8, 16, na 0.693 inatoka yenyewe.