Land Cruiser 80 ya kuinua: nilivyoichagua na inavyokwenda

Ukitafuta gari kuukuu la 4x4 la kuinua, yaani la kupandishwa bodi kwa springi ndefu, anza kukagua ekseli kabla hujafungua boneti. Hilo ndilo lililoniongoza hadi kwenye Toyota Land Cruiser 80 ya dizeli, na baada ya kuipitisha kwenye matope, mawe na mchanga bado nasimama hapo hapo. Injini hufunguliwa na kutengenezwa. Umbo la gari chini ya bodi ndilo linaloamua kama utaliinua kwa urahisi au utapigana nalo miaka yote.

Land Cruiser 80 ina ekseli nzima mbele na nyuma: bomba moja la chuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ikiwa humo humo. Ukiweka springi ndefu zaidi, bodi inapanda na shafti zilizo ndani ya ekseli zinabaki zimenyooka kama zilivyokuwa. Gari ambalo kila gurudumu la mbele lina mkono wake halikubali hivyo. Ukiliinua, shafti zinazotoka kwenye difu zinakaa mshazari, jointi zinazunguka kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa na mipira inayoshika grisi inachanika mapema. Prado 90 iko hivyo, na pia Pajero ya kizazi cha pili, ile ya 1991 hadi 1999. Ni magari mazuri, yametulia barabarani kuliko langu, na inchi mbili yanazistahimili. Ila kwenye Pajero wengi hukaza tu zile nondo za kujipinda za mbele, zinazofanya kazi ya springi, ili pua ipande. Kimo kinaonekana, lakini gurudumu linapoteza uwezo wa kushuka, na kwenye shimo la kwanza linabaki hewani. Huko mimi sikuiti kuinua.

Kwa hiyo nilishindanisha magari yenye ekseli nzima na springi za koili pande zote: Nissan Patrol Y60 na Y61, Land Rover Discovery ya kwanza, Suzuki Jimny ya 1.3 na hiyo Land Cruiser. Jimny naiheshimu sana. Ni nyepesi mno hata inapita juu ya tope ambalo gari zito linazama, lakini sisi tunasafiri familia nzima na maji na hema, haitutoshi. Discovery yenye injini ya 300Tdi ni rahisi kutengeneza na magurudumu yake hupanda na kushuka vizuri ajabu. Shida ni kutu: sakafu ya buti na mihimili ya chini ya milango huoza huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Patrol yenye injini ya TD42 ningeinunua bila kusita, kwa sababu chini yake imejengwa imara sawa na 80. Nilizozipata zilikuwa na ZD30, injini ambayo matoleo yake ya mwanzo yalijulikana kwa kutoboka pistoni, nikaziacha.

Land Cruiser yangu ina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Ni nzito kuondoka na kwenye mlima mrefu utapanda polepole, hilo ulikubali kabla ya kulipa. Ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, ana nguvu zaidi, lakini beringi za fimbo za pistoni zinajulikana kulika, na muuzaji asiyeweza kuonyesha kwamba zimebadilishwa anakuuzia kazi hiyo pamoja na gari. Ya petroli, 1FZ-FE ya lita 4.5, inakimbia vizuri ila inakunywa, na gasketi ya silinda hedi upande wa nyuma ni ya kuchunguzwa.

Ukaguzi ndio sehemu ya kutumia muda wako. Lala chini ya gari, uwe na nyundo ndogo na tochi. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Tia mkazo kwenye vikalio vya springi, mahali bodi inapofungwa kwenye chesisi, na pale panhadi, ile nondo inayoshikilia ekseli isiende kando, inapoanzia. Kama pamepakwa rangi mpya nyeusi nzito sehemu moja tu, uliza kwa nini.

Halafu nenda kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, zile tufe kubwa nyuma ya rimu. Zikiwa na grisi kidogo, sawa. Zikiwa zimelowa uji mweusi mwepesi, sili za ndani zimekufa, oili ya difu imeingia na kuyeyusha grisi, na jointi za ndani zimekuwa zikizunguka bila ulinzi. Si sababu ya kukataa gari, ni sababu ya kupunguza bei, maana sili na beringi zote hubadilishwa kwa pamoja. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, beringi zimelegea.

Omba kuliwasha likiwa la baridi kabisa. Ukiwa kwenye udongo laini, ingiza gia nzito, ile seti ya pili ya gia za mwendo wa polepole na nguvu nyingi, zungusha gari duara kamili kushoto na kulia usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho, na usikilize mlio wa tak-tak mbele. Kama lina loki za difu za kiwandani, zinazofanya magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, zijaribu kwenye udongo laini, taa zake ziwake na zizimike kweli. Loki zisizotumiwa hukwama, na mota zake si rahisi kuzipata.

Niliyapita magari yaliyokuwa yameshainuliwa. Mengi yalikuwa na springi ndefu tu, hakuna kingine kilichoguswa, na yanatisha kuyaendesha. Kwenye Land Cruiser 80, ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu, na ukiinua bodi ekseli inajiviringisha kidogo, ule mlalo unaourudisha usukani katikati unapungua, na gari linaanza kutangatanga kwenye mwendo wa kasi. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha mlalo huo, ziwekwe siku ile ile ya springi. Panhadi nayo husogeza ekseli upande mmoja, hivyo nimeweka yenye urefu unaorekebishika. Mipira ya breki nimeongeza urefu. Pia kuna valvu ya breki za nyuma inayosoma uzito wa gari kwa kijiti kilichofungwa kwenye ekseli: gari likiinuliwa, valvu inadhani halina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Fundi asiyelijua hilo asiguse gari lako. Taa za mbele nazo zishushwe, la sivyo unawapofusha wenzako.

Nimeinua inchi mbili, na sitaongeza. Watu husahau kwamba springi haziinui difu hata milimita moja. Zinainua bodi, zinaboresha pembe za kupandia na kushukia, na zinatoa nafasi ya tairi. Difu huinuliwa na tairi peke yake, tena kwa nusu ya tofauti. Nilitoka kwenye tairi za 275/70R16 nikaenda 285/75R16: kipenyo kimeongezeka kama milimita 42, difu imepanda 21. Inaonekana kidogo, lakini kwenye mawe ndizo zinazoamua kama unapita au unakwangua. Gharama yake ni kwamba spidomita sasa inasoma pungufu kwa takriban asilimia 5, na gia ya tano imekuwa ndefu kwa injini isiyo na turbo. Kwenye mteremko wa nyuzi nyingi naingiza gia nzito ya kwanza, naondoa miguu yote kwenye pedali, na gari linashuka lenyewe taratibu, familia ikiwa imetulia nyuma.

Barabarani linayumba zaidi kwenye kona kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa uzito uko juu. Napunguza mwendo mapema, na paani sipakii vitu vizito. Mama watoto huliendesha pia, na analisifu kwa kuona mbali.

La mwisho kwa anayekwenda kuagiza springi: pima gari lako likiwa na mzigo wa kawaida wa safari ndipo uchague. Springi za wenye winchi, bampa za chuma na matangi ya akiba ni ngumu mno kwa gari tupu, litakurusha na magurudumu hayatashuka mashimoni. Mimi mbele nimeweka za uzito wa kawaida, nyuma za mzigo wa wastani, na shokomzoba zenye urefu unaolingana nazo. Shokomzoba fupi hufika mwisho kabla ya springi, na hapo fedha zote za kuinua zinakuwa hazina kazi.